Fundi wa Projekta na Kijiba cha Roho

Vijana, nianze na ukweli, maana umri wangu hauniruhusu tena kuzungukazunguka: nawaonea wivu. Mnaingia ukumbini mkono mmoja simu, mkono mwingine soda, mnagusa kioo mara mbili na picha inatokea ukutani bila waya wowote. Mnaniudhi! Juzi hapa Kibaha, kwenye semina ya vikundi vya kinamama ambayo mke wangu alinikokota kwenda, binti mmoja hata hakusimama. Aliunganisha akiwa amekaa, huku anaongea na mwenzake habari za saluni. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hakuna aliyempigia makofi. Nilikaa pale roho inaniuma mpaka chai ikanipoa mkononi.

Mimi ni Matei, Baba Neema, mkazi wa mtaa wa Picha ya Ndege hapa Kibaha, mstaafu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mtu wa projekta katika taasisi moja iliyokuwa ikifundisha wakulima wa korosho na mihogo. Ofisi kuu ilikuwa Kibaha, tawi likawa Kisarawe, na kila upande ulikuwa na ukumbi wake, projekta yake na visirani vyake. Kwenye barua ya ajira niliandikwa msaidizi wa vifaa. Watu waliniita Fundi, na hilo ndilo jina nililolipenda.

Ninyi hamkuiona raha ile. Mkutano unaanza: sala, utambulisho, mwenyekiti anasema itifaki imezingatiwa, halafu mtoa mada anafungua laptop yake. Anachomeka waya. Ukuta unakuwa wa buluu tupu, na maandishi madogo yanasema hakuna kinachoingia. Anabonyeza hapa, anabonyeza pale. Wajumbe wanaanza kukohoa. Ndipo mkurugenzi anainua shingo na kusema, "Fundi yuko wapi?" Hapo sasa! Nilikuwa nakaa safu ya nyuma kabisa kwa makusudi, ili safari ya kwenda mbele iwe ndefu na kila mtu anione nikipita. Nilitembea taratibu. Nilivuta mikono ya shati. Nikifika mbele nilisimama mgongo ukiwa kwa watu, nikakinga kibodi kwa kiwiliwili changu chote, nikabonyeza nilichobonyeza, na picha ikajaa ukutani. Makofi!

Na nilibonyeza nini? Leo nawaambia, ingawa zamani ungenitoa meno nisingesema. Mara nyingi ilikuwa kile kitufe chenye kidirisha pamoja na herufi P. Basi. Kinatokea kiorodha pembeni, unachagua ukuta uonyeshe kilekile kilicho kwenye laptop. Kwa laptop za zamani unashikilia kitufe cha Fn, unatafuta juu kile chenye picha ya kioo. Kila kampuni iliweka mahali pake, nami nilizijua zote kwa kichwa. Watu wengine walikuwa wamechagua ule mtindo wa kuurefusha uwanja, kwa hiyo mada yao ilikuwa imehamia ukutani peke yake, wao wakibaki na kioo kitupu mkononi wanalalamika kompyuta imekula kazi yao. Haijala kitu. Ni kubadilisha tu uchaguzi.

Aliyenifundisha ni Mzee Kibwana, mwenyeji wa Kisarawe, Mwislamu mtaratibu asiyepandisha sauti. Yeye alianza kazi enzi za ile mashine ya kumulika karatasi za nailoni. Alikuwa akisema, "Mwanangu, kabla hujamlaumu mwenye kompyuta, shika waya." Na kweli, nusu ya matatizo yalikuwa kwenye waya. Ule wa zamani, VGA, una vijino kumi na vitano vyembamba, na ukiuchomeka kwa hasira kimoja kinalala, picha inatoka ya njano au rangi ya waridi. Unakinyoosha polepole kwa ncha ya kalamu. Unaufunga kwa skrubu zake pande zote mbili, maana kuna wajumbe wanaopita wakipiga waya teke. Halafu unaangalia projekta yenyewe, imeelekezwa kusikiliza mlango upi, maana ina milango kadhaa na haina akili ya kukisia. Ikigoma yote, unazima kila kitu, unaanza kuwasha projekta, unangoja itulie, ndipo unawasha kompyuta. Na ukimaliza kazi usichomoe umeme mpaka feni yake inyamaze. Taa ya projekta ikizimwa ghafla ikiwa na moto hufa mapema.

Mzee Kibwana alinifundisha yote haya mbele za watu, kwa sauti, bila kuficha kitu. Mwaka wangu wa kwanza, wakulima wa Maneromango walikuja Kisarawe na mgeni rasmi alikuwa ameshakaa. Projekta inanguruma, taa inawaka, ukuta mweusi. Nilibadilisha waya. Niliwasha laptop upya mara tatu. Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti. Mzee akasimama kule nyuma, akamwamkia mgeni rasmi, akapita mbele ya projekta, akakitoa kifuniko cha lenzi. Kifuniko! Akawaambia watu, "Samahani, Fundi alikuwa anaipasha moto kwanza." Hakuna aliyejua. Mimi nilijua, na badala ya kujifunza kuwa mwema kama yeye, nilijifunza kwamba siri ni kitu kitamu.

Baadaye mzee alistaafu, akarudi kwenye mikorosho yake. Nikabaki peke yangu, nikawa bwana mkubwa. Hapo ndipo akaja Tatu.

Tatu alikuwa binti wa Kisarawe, wa mkataba wa muda, kazi yake kutembelea wakulima. Kwa mambo ya vifaa hakuhusika hata kidogo. Lakini siku ya pili tu aliniona nimesimama mgongo kwa watu, akaja pembeni, akachungulia. "Ah, kumbe ni hicho tu, Baba Neema?" akasema, kwa sauti, mbele ya watu wote, wala hakuwa na ubaya. Kesho yake nikakuta karatasi ukutani, pembeni ya soketi, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: shika waya, chagua mlango, bonyeza kidirisha na P. Kila kitu nilichokificha miaka yote, kimeandikwa pale kwa hati nzuri.

Niliibandua. Akabandika nyingine. Nikaibandua. Akabandika ya tatu, akaniambia, "Baba Neema, sijui upepo wa huu ukumbi ukoje, karatasi hazikai." Ya nne aliitia plastiki, akaigongea misumari.

Toka siku hiyo hakuna aliyeuliza Fundi yuko wapi. Mtoa mada anakwama, anasoma karatasi, anabonyeza, picha hiyo. Nilikaa safu yangu ya nyuma, wiki baada ya wiki, miguu inaniwasha. Nikapata kijiba cha roho, jamani, siwafichi. Tatu akicheka kule ofisini, mimi huku nafunga dirisha. Akisifiwa, nakumbuka nina kazi stoo. Mama Neema aliniuliza siku moja kwa nini namtaja huyo binti kila tukila. Nikamwambia namtaja kwa ubaya. Akasema, "Hata kwa ubaya, ni mara nyingi mno."

Haya, sasa nifike kwenye lenyewe, maana ndilo lililonifanya nikae niandike.

Ilikuwa siku ya tathmini, ukumbi wa Kisarawe. Mkataba wa Tatu ulikuwa unaisha. Mkurugenzi alikuwa ametamka mbele yetu wakati wa chai kwamba nafasi ya ajira ya kudumu ipo moja tu, na itakwenda kwa mmoja kati ya wawili: Tatu, au kijana mmoja mpole wa Kibaha. Wote wawili wataonyesha kazi yao mbele ya bodi, na bodi itaamua siku hiyohiyo. Tatu alikuwa na mama mgonjwa na mtoto mdogo. Hayo nilikuwa nayajua vizuri, kwa sababu kila Ijumaa aliniomba ruhusa ya kutumia simu ya ofisi kumuulizia mama yake.

Na kazi yake ilikuwa kazi kweli. Miezi yote ile alikuwa anakwenda Maneromango kwa bodaboda, na mvua ikinyesha anashuka anatembea viatu mkononi. Alikuwa amepiga picha za mashamba ya mihogo, shamba lilelile, mwezi baada ya mwezi, ili bodi ione mbegu mpya ilivyoshinda ugonjwa. Bila picha, hayo ni maneno tu. Picha ndizo zilikuwa ushahidi wake.

Sasa sikilizeni jambo la kifundi. Mwaka ule tulikuwa tumeletewa laptop mpya, nyembamba, zenye ule mlango mdogo wa HDMI peke yake. Projekta ya Kisarawe ilikuwa ya zamani, imening'inizwa darini, waya wake umepita ndani ya ukuta, na mdomo uliotokeza chini ulikuwa wa VGA tu. Kati ya hivi viwili lazima uweke adapta, kidude kifupi chenye mkia, upande huu HDMI, upande ule VGA. Tawi zima la Kisarawe lilikuwa nayo moja tu. Na aliyekabidhiwa ni mimi.

Asubuhi ile Tatu alifika mapema, amevaa mtandio mpya wa kijani. "Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile adapta unayo? Nataka nijaribu kabla wageni hawajaingia."

Adapta ilikuwa mfukoni mwa shati langu, chini ya koti. Nikasema, "Lo! Nimeisahau Kibaha."

Lilitoka lenyewe, jepesi kabisa. Naomba mnielewe, ingawa sistahili: sikutaka akose kazi. Nilichotaka ni akwame. Akwame kidogo, mbele ya watu, halafu mkurugenzi ainue shingo aulize Fundi yuko wapi, nami nije nikitembea taratibu, nipapase mfuko, niseme, "Hee, kumbe ninayo!" Makofi. Ningempa kazi yake mwenyewe kwa mkono wangu, na ningependa alijue hilo maisha yake yote. Huo ndio ulikuwa mpango wangu mzima.

Yeye akasimama kidogo, akafikiri. Kutoka Kisarawe mpaka Kibaha na kurudi, mkutano ungekuwa umeshakwisha. "Basi usijali, Baba Neema," akasema. "Nitatafuta njia."

Mimi nisijali! Roho ya kwa nini ikanipanda tena.

Alikwenda stoo, akatoka amekumbatia kompyuta kuukuu ya mezani, vumbi limejaa kwenye mtandio, akarudi tena kuchukua kioo chake. Ile ilikuwa na mdomo wa VGA. Nikashtuka, nikasema lahaula, huyu mtoto atafanikiwa. Akahamisha faili lake kwa flashi wakati wajumbe wanaketi. Nikamsaidia kupanga viti, kwa unafiki wangu.

Sala ikasomwa. Itifaki ikazingatiwa. Tatu akaitwa wa kwanza. Akachomeka, na picha ya kompyuta ikatokea ukutani vizuri kabisa. Akafungua faili lake. Sasa programu ya kompyuta ile ilikuwa ya kizamani mno, na faili limetengenezwa kwa mpya. Maandishi yakaja yamevurugika, yamepandana, na mahali pa kila picha pakawa na kisanduku cheupe chenye alama nyekundu ya kukata. Shamba la kwanza, kisanduku. La pili, kisanduku. Akafunga, akafungua tena. Visanduku.

Wajumbe wakaanza kukohoa. Nikakaa ukingoni mwa kiti, moyo unadunda kwa furaha, nawaambia ukweli wangu wote. Sema basi, nikamwomba mkurugenzi kimoyomoyo, sema lile neno.

Mkurugenzi akainua shingo. Lakini hakuniuliza mimi. Akamuuliza yeye. "Tatu, si una laptop mpya? Kwa nini usitumie hiyo?"

"Inahitaji adapta, mkurugenzi."

"Na adapta iko wapi?"

Tatu akageuka, akanitazama mimi, safu ya nyuma. Ukumbi mzima ukageuka naye. Macho yale niliyoyatamani miezi yote, yote yakawa kwangu. Na hapo ndipo nilipoona nilivyojifunga mwenyewe. Asubuhi nilishasema iko Kibaha. Nikiitoa sasa, si fundi tena, ni mwongo, na bodi yote imekaa. Aliendelea kunitazama. Nilidhani ananiomba nimtetee. Nikainamisha kichwa, nikawa natazama viatu vyangu.

"Imebaki Kibaha, mkurugenzi," Tatu akasema.

"Aa, maandalizi, maandalizi," mkurugenzi akasema, akitazama saa. "Basi tusomee kwa mdomo, dakika tano."

Akasoma. Sauti ilitetemeka mwanzoni, baadaye ikatulia. Lakini mnaweza kuusoma muhogo? Mjumbe mmoja alikuwa anaangalia simu. Akafuata yule kijana mpole wa Kibaha, akabandika ukutani makaratasi makubwa yenye michoro ya rangi, kila mtu akaona. Mchana akatangazwa yeye. Sina ugomvi naye, alikuja kuwa mfanyakazi mzuri.

Tatu aliaga watu mmoja mmoja. Kwangu alifika mwisho. "Baba Neema, asante kwa yote," akasema. Nikamshika mkono na adapta bado iko kifuani. Siku iliyofuata niliiweka kwenye droo na kusema nimeileta kutoka Kibaha.

Baada ya hapo niliulizwa tena Fundi yuko wapi? Niliulizwa, sana. Ile karatasi ya plastiki ilitolewa walipopaka rangi ukumbi, na hakuna aliyekuwepo wa kuandika nyingine. Nilitembea mpaka mbele miaka mingi. Nilipigiwa makofi. Sitaki kuwadanganya kwamba sikufurahia, nilifurahia. Kuna siku nilikuwa nafika katikati ya safari ile ndefu namkumbuka, basi naharakisha.

Leo Tatu ana ofisi yake Maili Moja, hapahapa Kibaha. Skrini, projekta, spika, vyote anakodisha kwa harusi, semina, misiba, na watu wanatoka mpaka Mlandizi kumfuata. Napita pale nikienda sokoni. Kwa muda mrefu nilikuwa napita upande wa pili wa barabara, na bado naangalia. Ana rafu nzima ya projekta! Adapta za kila aina zimening'inizwa ukutani kwa misumari, yeyote achukue. Mimi na pensheni yangu na magoti yangu, yeye na bango lake lenye taa. Mnadhani niliona haya tu? Niliona wivu. Nilimkosesha kazi na bado nilimwonea wivu kwa alichopata baada ya kukosa.

Mwezi uliopita ilibidi niingie. Neema wangu anaolewa, kuna sherehe ya kumuaga, sendofu, na kamati imeamua lazima iwepo skrini kubwa, na kila mtu kwenye kamati alitaja duka hilohilo. Nikavuka barabara.

Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, amenenepa kidogo, miwani shingoni. Vijana wake wawili walikuwa wamefungua projekta mezani wanasafisha chujio la vumbi kwa brashi, naye anawaelekeza, kila kitu kwa sauti. Aliponiona akasimama. "Shikamoo, Baba Neema!"

"Marahaba, mwanangu."

Tukaongea habari za Neema. Akaandika tarehe, akaandika ukumbi, akasema atakuja yeye mwenyewe kufunga skrini, hatatuma mtu. Aliuliza habari za Mama Neema. Nilimuuliza za mama yake, akasema alishatangulia, zamani. Kila alivyozidi kuwa mwema, ndivyo nilivyozidi kushindwa kumtazama usoni. Nikaweka mkono juu ya kaunta nijishikilie.

"Tatu," nikasema, "siku ile ya tathmini, ile adapta..."

"Ilikuwa mfukoni mwa shati lako," akasema. "Mfuko wa kushoto."

Wale vijana wakaendelea kupiga brashi. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Ulipoinama kusogeza kiti, koti lilifunguka. Mkia wake ukatokeza. Nilikuwa hata sijaitwa mbele."

"Mungu wangu. Mbona hukusema?"

"Nikuumbue mbele ya bodi? Mtu ninayemwamkia kila asubuhi?" Alivua miwani kutoka shingoni, akaiweka juu ya daftari. "Mkurugenzi aliponiuliza adapta iko wapi, nilikutazama. Si uliniona? Nilikuwa naangalia mkono wako. Nikasema, sasa anaitoa. Nikangoja. Nikasema, labda anaona haya, nimpe nafasi kidogo. Nikangoja tena."

Aliinamisha macho, akawa anautazama mkono wangu pale juu ya kaunta, na mimi sikuwa na kitu cha kutoa.